Baba anataka kuuza kipande cha mwisho cha pwani Kigamboni: je, tuna haki ya kumzuia?

Barua ya msomaji

Shikamoo Mama Mshauri,

Ninakuandikia kutoka Dodoma, ninakofanya kazi serikalini, lakini kwetu ni Mjimwema, Kigamboni, na jambo linaloninyima usingizi liko huko.

Baba yangu ana umri wa miaka 76. Maisha yake yote amekuwa mvuvi na mkulima wa minazi, na shamba alilonalo lilitoka kwa babu, aliyelifyeka kwa mikono yake wakati Kigamboni ilikuwa bado vijiji vya wavuvi. Hatujawahi kuwa na hati. Majirani walijua mipaka kwa minazi na kwa mkwaju ulio kando ya njia, na kwa miaka mingi hilo lilitosha.

Mambo yalibadilika daraja lilipofunguliwa mwaka 2016. Watu ambao zamani hawakutaka hata kusikia habari za foleni ya pantoni walianza kuja na magari yao siku za Jumapili kutafuta viwanja. Baba akauza kipande cha kwanza kwa ajili ya harusi ya kaka yetu mkubwa na pikipiki ya biashara, cha pili kwa ajili ya kuezeka nyumba upya, na cha tatu hata sijui fedha zake ziliishia wapi. Leo vipande hivyo vina nyumba za ghorofa zenye kuta ndefu. Njia tuliyopita tangu utotoni kwenda pwani imezibwa, kiasi kwamba mama na wenzake wanaoanika dagaa wanazunguka mbali kuwafikia wavuvi. Usiku wa Jumamosi muziki wa hoteli ya jirani haunyamazi hadi karibu na alfajiri, na maji ya kisima chetu yameanza kuwa na chumvi.

Kimebaki kipande kimoja, kama ekari moja, kinachoanzia barabarani hadi ufukweni. Humo mna nyumba ya wazazi, minazi iliyosalia na makaburi ya babu na bibi. Mwezi uliopita mdogo wangu wa mwisho, anayeishi nyumbani, alimleta dalali pamoja na mtu anayesema anamnunulia mwekezaji kutoka nje ya nchi. Wameahidi fedha nyingi kuliko baba alizowahi kuziona, wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, na wanasema mkataba uandikwe ofisi ya serikali ya mtaa tu ili kuepuka usumbufu. Walipoondoka waliacha bahasha yenye fedha, nayo baba aliipokea.

Baba anasema anataka kwenda Hija kabla hajafa, kutibiwa goti, na kujenga nyumba ya kisasa Chanika, ambako ardhi ni ya bei nafuu. Mama hasemi neno mbele yake, lakini usiku hunipigia simu akilia. Kaka mkubwa anasema mali ni ya baba na mtoto mwenye adabu hanyooshi mkono kwenye mali ya mzazi aliye hai. Dada yangu anataka twende mahakamani. Je, sisi watoto tuna haki ya kumzuia? Na kama hatuna, tufanye nini kabla ya mwisho wa mwezi?

Binti wa Mjimwema

Jibu

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mashaka, na mfikishie mama salamu zangu.

Nitaanza na swali lako la kwanza, kwa kuwa mengine yote yanategemea jibu lake. Ninyi watoto hamna haki ya kumzuia baba yenu kuuza. Mama yenu anayo. Katika barua yako mama ametajwa kama mtu wa kulia usiku, ilhali kwa sheria za Tanzania yeye ndiye ambaye pasipo ridhaa yake nyumba hiyo haiuziki kihalali. Ningependa ninyi watoto, na yeye mwenyewe, mlijue hilo kabla hamjafanya lolote lingine.

Kaka yako amesema kweli kwa upande wa watoto. Mirathi huanza mtu anapofariki, iwe mnafuata sheria ya Kiislamu au ya serikali, na kabla ya hapo mtoto hana fungu analoweza kulidai katika mali ya mzazi wake. Dada yako akienda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kama mrithi mtarajiwa, ataulizwa ni haki gani yake iliyovunjwa, naye hatakuwa na la kujibu. Atarudi nyumbani akiwa ameshindwa shauri na amemdhalilisha mzee mbele ya majirani. Mwambie aachane na mpango huo.

Mama yuko mahali tofauti kabisa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama nyumba hiyo ni ya mmoja wao peke yake, na kinamtambua mwenzake kuwa ana maslahi yanayoweza kulindwa kwa kuwekewa zuio. Hilo linahusu nyumba na eneo linaloizunguka. Kuhusu shamba lenyewe, kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinasema kwamba mwenzi ambaye kwa kazi yake amechangia uzalishaji, utunzaji au uendelezaji wa ardhi iliyo kwa jina la mwenzake, huhesabiwa kuwa amepata maslahi katika ardhi hiyo kwa sababu ya kazi yake. Mama aliyepalilia minazi, akakusanya nazi na kuanika dagaa katika uwanja huo kwa muda wote wa ndoa yake hahitaji stakabadhi kuonyesha kwamba alifanya kazi. Majirani wote ni mashahidi wake. Kifungu hichohicho kinamtaka mnunuzi aulize kama mwenzi wa muuzaji ameridhia. Mnunuzi anayeharakisha mkataba huku mama hajaulizwa anajiweka mwenyewe katika hatari ya kupoteza fedha zake, na ni vema aambiwe hivyo mapema na kwa maandishi.

Kuna swali jingine ambalo hukuligusa, nalo ni zito: je, mirathi ya babu iliwahi kugawanywa? Umesema shamba lilitoka kwa babu. Kama baba alibaki tu akililima kwa kuwa ndiye aliyekuwa nyumbani, huku shangazi zako na baba zako wadogo hawakupewa fungu lao wala hawakuliacha kwa kauli iliyo wazi, basi nao wanaweza kuibuka siku moja na madai, na madai ya aina hiyo yamevuruga mauziano mengi ya mashamba ya ukoo katika pwani yetu. Muulizeni baba kwa upole, na muwaulize wazee waliokuwepo wakati wa msiba wa babu wangali hai.

Sasa niseme juu ya biashara yenyewe iliyoletwa, kwa sababu hata kama mama angeiridhia leo, mimi ningewasihi msiikubali kwa namna ilivyo.

Mnunuzi wa kweli anasemekana kuwa mtu wa nje, lakini aliyekaa barazani kwenu ni mwingine. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi hakiruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji, na hata hapo hufuata utaratibu wa taasisi ya serikali inayosimamia uwekezaji. Hanunui moja kwa moja kutoka kwa mzee wa Mjimwema kwa kutumia jina la mtu mwingine. Mwekezaji aliye halali hana sababu ya kujificha, wala hana sababu ya kuogopa wakili. Hao wanaosema mkataba uishie serikali ya mtaa ili kuepuka usumbufu, usumbufu wanaoukusudia ni ule wa kuulizwa maswali. Ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kushuhudia kwamba inamfahamu muuzaji na kwamba eneo halina mgogoro unaojulikana, lakini haina mamlaka ya kuhamisha miliki. Ile asilimia 10 ya bei ambayo baadhi ya ofisi hizo huidai kwa wauzaji au wanunuzi haimo katika Sheria ya Ardhi, na ninaumia kila ninaposikia wazee wameitoa wakidhani ni kodi. Kodi halisi hulipwa Mamlaka ya Mapato Tanzania: kwa mkazi kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida iliyopatikana kwenye mauzo, na miliki haihamishwi mpaka kodi hiyo imalizwe. Katika mkataba wa haraka, mzigo huo aghalabu humwangukia muuzaji baada ya fedha kwisha.

Halafu kuna bahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ufukweni shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ya ufukwe. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,000. Kama kipande chenu kina upana wa mita 40 kwa upande wa pwani, ukanda huo peke yake ni mita za mraba 2,400, yaani zaidi ya nusu ya eneo lote. Mnunuzi mwenye uzoefu analijua hilo. Ama atalitumia kushusha bei baada ya baba kuwa amekwishakula fedha za awali, ama anakusudia kujenga pasipopaswa kujengwa, na siku ukuta wake utakapovunjwa jina la baba litakuwa limeandikwa kwenye mkataba wa kwanza. Ukanda huohuo ndio ambao wavuvi na wanawake wa dagaa wanapaswa kuendelea kuupita. Kuhusu njia iliyozibwa, nendeni Halmashauri ya Manispaa ya Kigamboni mkaangalie ramani ya mipango miji ya eneo lenu, na kama njia imo, pelekeni malalamiko ya maandishi mkiwa wakazi wengi kwa pamoja.

Nimesema mengi ya sheria, lakini baba yako si mtu wa kushindwa kwa vifungu. Ninamwelewa kuliko unavyodhani. Mzee wa Kigamboni wa umri wake aliona serikali ikitangaza mpango wa mji mpya kuanzia mwaka 2008, watu wakaambiwa wasiendeleze maeneo yao, na kwa miaka mingi mtu alikuwa na ardhi asiyoweza kuijengea wala kuiuza kwa bei ya haki. Kabla ya hapo aliona mashamba ya Kibada na Gezaulole yakikatwa viwanja vya mradi wa serikali. Kisha daraja likaja na bei zikapanda mbele ya macho yake. Mtu aliyepita katika hayo hujifunza kwamba ardhi unaweza kuikosa hali umeishika, na kwamba fedha iliyo mkononi leo haina wa kuizuia. Msimwite mpumbavu, wala msimwambie ameuza urithi wenu. Alikuwa akiuza mali yake kuwaoza na kuwatafutia riziki watoto wake.

Kwa hiyo kikao chenu kianzie kwenye haja zake, na kwa hesabu. Goti linahitaji kiasi gani? Wewe ni mtumishi wa umma. Angalia kama amekwisha kuandikishwa kama mtegemezi wako katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa kuwa wazazi ni miongoni mwa wanaoweza kuandikishwa, na huenda matibabu hayo yasihitaji kuuzwa hata mnazi mmoja. Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo, na imamu wake atamweleza vizuri kuliko mimi kwamba hakulazimishwa kuuza nyumba anayolala yeye na mkewe ili aende. Ninyi watoto wenye kazi na biashara mnaweza kuichangia kwa mwaka mmoja au miwili. Ninajua mna watoto wa kusomesha, lakini baba akiona mmeanza kuweka fedha hizo kwa jina lake, nusu ya hoja ya dalali itakuwa imeondoka.

Kuhusu nyumba ya Chanika, ninaomba mumfikirie kwa makini. Chanika ni mahali pazuri pa kijana anayeanza maisha. Kwa mzee wa miaka 76 aliyezoea kuswali na watu aliokua nao, kununua samaki wakiwa bado wanaruka kwenye ngalawa na kukaa barazani akisalimiwa kwa jina, kuhamia mbali na bahari ni kuanza ugeni uzeeni. Mama atapoteza pia biashara yake ya dagaa, ambayo ndiyo fedha pekee anayoitumia bila kuomba. Mambo haya hayaonekani katika bei, na dalali hana sababu ya kuyataja. Adha mlizonazo Mjimwema ni za kweli, lakini baadhi zina dawa bila kuhama: kisima kilicho karibu na bahari huingia chumvi maji yanapovutwa kwa wingi na majirani, na dawa yake ni kuomba kuunganishiwa maji ya DAWASA, ambayo huko Kigamboni yanatoka kwenye visima virefu vilivyochimbwa mbali na ufukwe.

Nisingependa ufikiri kwamba ninapinga kila mauzo. Kama baada ya mazungumzo yote baba bado anataka fedha ya uzeeni, na mama akaridhia kwa moyo wake, basi auze au apangishe sehemu ya mbele iliyo barabarani, ambako biashara inalipa, na nyumba, makaburi na njia ya pwani vibaki nje ya mkataba kwa kuandikwa na kuchorwa. Mimi binafsi ningependelea kupangisha kwa mkataba ulioandaliwa na wakili, kwa kuwa kodi ya pango itaingia kila mwaka wakati wazee wangali hai, na ardhi itabaki. Lakini lolote kati ya hayo litangulie na upimaji. Baba ana haki ya kimila katika ardhi hiyo, na haki hiyo inatambuliwa. Anaweza kuomba kupimiwa na mpimaji aliyesajiliwa na kupatiwa hati ya miaka 33, 66 au 99 kupitia halmashauri. Gharama ya upimaji mnaweza kuibeba ninyi watoto. Kipande kilichopimwa chenye hati huvutia wanunuzi wanaokopa benki na wapangaji wenye kampuni zilizosajiliwa, na hapo bei haitapangwa tena na mtu mmoja aliyekuja na bahasha.

Hati hiyo mumwombe baba iandikwe kwa majina mawili, lake na la mama. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, mwanangu. Baba akitangulia mbele ya haki kabla ya mama na mali ikiwa kwa jina lake tu, fungu la mama kama mjane mwenye watoto katika mirathi ya Kiislamu ni thumuni, yaani sehemu moja kati ya nane, na kinachosalia ni cha watoto na warithi wengine. Nimesoma barua nyingi za wajane ambao watoto wao wenyewe walitaka nyumba iuzwe wagawane. Wosia hautamwokoa, kwa kuwa kwa sheria hiyo mrithi hausiwi mali bila warithi wenzake kukubali. Njia iliyo wazi ni baba kumpa mama sehemu yake sasa, akiwa hai na mwenye akili timamu, kwa hati au kwa hiba, yaani zawadi, iliyoandikwa na kukabidhiwa mbele ya mashahidi. Mwenye kulizungumza hili na baba asiwe mtoto. Awe baba yenu mdogo, au rafiki yake wa msikitini, au mjomba anayeheshimika.

Mdogo wenu wa mwisho msimtenge. Inawezekana ameahidiwa kamisheni, na mumuulize hilo waziwazi, lakini ndiye anayeishi na wazazi na kumpeleka baba hospitali wakati wengine mko mbali. Kijana anayebeba kazi hiyo bila malipo wala shukrani hushawishika upesi na mtu wa kwanza anayemwonyesha fedha. Mwekeni katika kikao kama mwenye kauli, na mumtafutie mtaji mdogo mkiweza.

Sasa kuhusu mwisho wa mwezi. Tarehe hiyo imewekwa na dalali, na ikipita hakuna haki ya baba inayopotea. Bahasha irudishwe mapema, ikiwa kamili. Kama baba ametumia sehemu yake, ninyi mjazie. Aipeleke baba mwenyewe akiwa na mdogo wake na shahidi mmoja wa jirani, na aliyeitoa asaini karatasi kwamba amerejeshewa na kwamba hakuna makubaliano yoyote ya mauzo. Wakati huohuo mama aende kwa wakili, au kama fedha ni shida, kwa mashirika yanayotoa msaada wa kisheria jijini Dar es Salaam kama TAWLA, WLAC au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, aandikiwe barua fupi inayosema kwamba yeye ni mke wa mwenye eneo, kwamba hapo ndipo nyumba ya ndoa ilipo, na kwamba hajaridhia mauzo. Lakini kabla barua hiyo haijatoka mikononi mwake, amwonyeshe baba na amweleze sababu zake, wakiwa wawili tu, kwa lugha ya mke aliyeishi naye vizuri. Mume akiikuta kwa mara ya kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa ataiona kama vita. Akishaisikia, ipelekwe serikali ya mtaa, idara ya ardhi ya manispaa na kwa dalali, kila nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, na moja ukae nayo wewe huko Dodoma.

Chukua ruhusa kazini uende nyumbani wiki hii. Kaa na mama kwanza, umsomee polepole vile vifungu viwili vinavyomhusu, cha 59 na cha 161, kisha umuulize yeye anataka nini. Hakuna mahali katika barua yako panapoonyesha kwamba kuna mtu aliyewahi kumuuliza.